Hewa ya Chumba cha Mama

4 Februari

Binti yangu Mkemia,

Habari za huko? Sisi wazima, ukiacha kifua cha mama yako. Nakuandikia kwa sababu mimi na simu tumeachana rasmi. Miaka yote ya msumeno wa umeme imeniachia masikio ya mapambo. Ukinipigia nasikia upepo tu, halafu mama yako ananitafsiria na kuongeza ya kwake. Kwenye karatasi angalau nakupata bila mkalimani.

Chumba chetu nimekimaliza. Ukuta mzima wa kushoto ni kabati lenye milango ya kusukuma, na ndani kuna droo za kila saizi, za leso mpaka za mablanketi. Kichwani mwa kitanda kuna rafu za vitabu vyake, na chini ya dirisha nimemwekea meza ya kuandikia. Tangu nimwoe nimejengea watu makabati mji mzima, na mke wangu nguo zake ziko kwenye sanduku la bati. Majirani walikuwa wakinicheka waziwazi. Sasa waje waone. Nimetumia MDF tupu, zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi, maana mbao za mti siku hizi zimekuwa za wenye nazo. Lakini zimenyooka, na rangi imekaa.

Shida ni kwamba mama yako anasema chumba kinamwasha. Macho yanamtoka machozi, koo linamkauka, na kikohozi kimezidi. Anasema kuna harufu kali inayochoma puani. Mimi siinusi. Pua yangu ilikufa na gundi kabla wewe hujazaliwa. Hata kitu kikiungua jikoni mimi ndiye wa mwisho kuarifiwa. Daktari ametazama picha ya kifua, akasema mapafu yake ya mwalimu, ya miaka ya vumbi la chaki, yamechoka tangu zamani, tumwepushe na kila kinachowasha. Nimemwambia mama yako ni rangi tu, itakauka. Amenijibu kwamba nimekuwa nikisema itakauka tangu Novemba.

Wewe ndiye uliyesomea mambo ya hewa. Niambie ni nini, ila niambie kwa maneno ya fundi.

Baba yako,
Fundi


19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha, halafu imeninyima raha.

Si rangi, baba. Ni gundi iliyomo ndani ya hizo mbao. Inaachia hewa inayoitwa formaldehaidi, kidogo kidogo, na inaweza kuendelea hivyo kwa miaka. Chumba kikipata joto inatoka zaidi. Ndiyo inayomtoa mama machozi na kumkaba koo. Mtu mwenye mapafu mazima atapiga chafya aendelee na shughuli zake, lakini mama si mtu huyo.

Dawa ya kwanza ni kuyatoa makabati. Nikisema hivyo najua nimesema na ukuta, kwa hiyo napita. Fungueni madirisha mchana kutwa.

Dawa ya pili ndiyo kazi yangu. Nakutumia kipande cha kigae chenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Kwenye kuta za matundu hayo tumepaka chembe za platinamu, yale madini ya thamani wanayotengenezea pete. Ni chembe ndogo mno, huwezi kuziona. Utaona kijivu tu. Hewa ya chumba ikipita mle, formaldehaidi inanasa juu ya platinamu, inakutana na oksijeni, inageuka kuwa maji kidogo na hewa ile ile tunayoitoa tukipumua. Haihitaji moto. Umeme ni wa kuzungusha feni tu. Na platinamu yenyewe haiishi: inamaliza chembe moja, inashika nyingine, na yenyewe inabaki ilivyokuwa. Ndiyo maana inaitwa kichocheo.

Profesa ameniruhusu kukuazima, kwa sharti kwamba baadaye nikirudishe tukipime. Hapa maabara tunavijaribu kwenye mitungi ya kioo. Hatujawahi kuona kimoja kikiishi na watu.

Masharti ni haya. Kiweke kwenye kigoda karibu na kichwa cha mama, feni iwe nyuma yake. Usikioshe kwa sabuni. Usikipake rangi wala vanishi. Usikishike kwa mikono yenye mafuta. Ni hayo tu. Kitakuudhi kwa sura, nakujua, lakini kivumilie.

Nibusie mama.

Binti yako,
Mkemia


11 Machi

Binti yangu,

Kimefika salama, na feni yake. Nilipokifungua nilidhani umenitumia kipande cha jiko bovu. Nimekiweka kwenye kigoda kama ulivyoagiza, nikakaa pembeni nakitazama, nikajisemea mtoto wangu amesoma miaka yote ile aniletee tofali lenye matundu.

Naomba radhi kwa tofali lako. Siku ya nne mama yako ameamka akasema chumba kinanuka kama chumba. Macho makavu, na amelala mpaka jua limepanda, jambo ambalo hajalifanya tangu alipostaafu. Nilikuwa mlangoni na kikombe chake, nikakaa nacho mkononi mpaka kikapoa. Sikutaka kumwamsha. Niliona haya kulia mbele ya feni, lakini nililia.

Sasa kuna dogo moja. Feni inatetemesha kigoda, na kipande kinagonga gonga. Mama yako anasema ni kama kulala na panya anayetafuna gunia. Nataka kulijengea hilo tofali sanduku zuri, likae humo bila kutikisika. Kipande chenyewe sitakigusa, masharti yako nimeyabandika ukutani. Je, naruhusiwa?

Baba yako,
Fundi


2 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Fundi ameenda dukani kununua misumari ambayo anayo tele, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika bila mtu kunichungulia begani.

Ulipomruhusu kujenga sanduku, mradi hewa ipite, hukujua umefungua nini. Alitoa ubao wa mti mgumu aliokuwa ameuficha darini tangu enzi za ujana, akaupiga randa mpaka unateleza kama sahani. Kila kiungo amekiziba kwa silikoni, ile ya bomba wanayozibia madirisha ya vioo. Kipande chako kimekaa ndani kimezungushiwa silikoni pande zote, hakitingishiki hata kidogo. Sauti hakuna kabisa. Mbele ametundika utepe wa karatasi, ukipepea ndipo tunajua kinafanya kazi. Wageni wakija wanapelekwa chumbani kwanza, chai baadaye. Juzi alimwonyesha mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Mimi naendelea vizuri. Siku hizi nakaa sana nje, huku nyuma, kwenye kiti changu, natazama watoto wa jirani wakigombana. Hata mvua ikinyesha nakaa pale pale chini ya bati. Baba yako anashangaa; nimemwambia nimechoka kufungiwa ndani kama nguo za harusi. Kikohozi kipo, lakini kikohozi na mimi tumeshazoeana.

Usimwulizeulize kuhusu chombo. Kinafanya kazi. Kila asubuhi kabla sijafungua macho vizuri ananiuliza kama nasikia harufu yoyote, anasubiri jibu kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, na nikimjibu anaenda zake akipiga mluzi. Miaka mingi sijamsikia akipiga mluzi.

Soma, umalize. Usipande basi kuja huku kwa ajili ya kikohozi. Ukija utakuta nimepona, utaona umepoteza nauli.

Mama yako


28 Julai

Binti yangu,

Natumaini ulifika salama, na kile kipande kilifika salama kwenye begi lako. Nilipokibandua kutoka sandukuni siku ile ya kuondoka kwako, niliona kama natoa kitu ndani ya mwili wa mtu.

Nyumba imerudi kimya. Watu wa msiba wameondoka mmoja mmoja, na dada yako ameondoka juzi, mimba imemzidi, anatembea ameshika kiuno. Nalala sebuleni. Chumbani nafika mlangoni, narudi.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa. Siku ya pili ya msiba, wanaume tukiwa tumekaa nje, mjomba wako alinitazama mbele za watu wote akasema, "Fundi, ulimjengea dada yangu jeneza lenye droo." Hakuna aliyemkemea. Ni kaka yake, ana haki ya uchungu wake. Lakini neno lile nakula nalo, naoga nalo.

Daktari ameniambia ni mapafu, kwamba yalikuwa safarini tangu zamani. Nimemsikia. Ila daktari hakulala chumba kile.

Ulisema mtakipima. Sitakuuliza lingine maisha yangu yote. Kile kipande kilikuwa kinafanya kazi mpaka mwisho? Kama kilifanya kazi, basi hewa yake ilikuwa safi, na mjomba wako amekosea, na mimi nitaweza kulala. Naomba unijibu.

Baba yako


15 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama. Samahani kwa kuchelewa kujibu, foleni ya mashine ilikuwa ndefu.

Kipande tumekipima. Kilifanya kazi mpaka mwisho. Hewa ya mama ilikuwa safi.

Mjomba ameongea kwa uchungu, na hajui anachokisema. Rudi chumbani kwako, baba, ulale kitandani kwako. Kula vizuri.

Binti yako


15 Agosti

Dada,

Pole na uzito. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu hili nikilitamka kwa mdomo nitashindwa kumaliza.

Nimemdanganya baba leo. Barua yake na yako zinatoka pamoja.

Kipande kimekufa. Tulikiweka kwenye mtungi, tukapitisha formaldehaidi, ikaingia upande huu na kutoka upande wa pili kama ilivyoingia. Profesa aliniuliza kama kimekaa karibu na silikoni. Nikamwambia sijui, halafu nikakumbuka nililoliona mwenyewe baba akikibandua: ule mpira mweupe pande zote. Silikoni ikikauka inaendelea kutoa mvuke wake. Ule mvuke unapanda juu ya platinamu na kuifunika, chembe kwa chembe, mpaka hakuna mahali pa kushika kitu. Platinamu ipo, lakini imefunikwa. Na feni inazunguka kama kawaida, na ule utepe wake unapepea.

Hapa maabara hakuna anayethubutu kuingia na silikoni. Ni jambo tunalolijua mpaka tumesahau kulisema. Nilimwandikia sabuni, nikamwandikia rangi, nikamwandikia mafuta ya mikono. Silikoni sikuiandika. Na mama aliitaja kwenye barua yake ya Mei; nililisoma neno lile nikicheka habari za mtu wa mita ya maji, nikapita. Na aliponiuliza kama ajenge sanduku, nikamwambia jenga.

Kinachoniua ni kwamba Machi kilifanya kazi. Mama alilala. Kisha baba akakipenda mno.

Sasa niambie wewe uliyekuwa karibu naye. Kwa nini mama alikuwa anakaa nje hata kwenye mvua? Aliniandikia kwamba amechoka kufungiwa. Je, alikwambia lolote?

Mdogo wako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Mtoto amekuja, wa kike, amewahi mno. Hata mwezi wa nane haujatimia tumboni. Amekaa kwenye joto la hospitali siku kadhaa, sasa tumeruhusiwa, na daktari amesisitiza kifua chake kilindwe. Ni mdogo kiasi kwamba shemeji yako anaogopa kumshika. Jina hatujampa, kwa sasa tunamwita Kidole.

Uliloniuliza: ndiyo, alinieleza. Ilikuwa Aprili, nimeenda kuwasalimia, tumekaa nyuma. Aliniambia harufu imerudi tangu wiki ile sanduku lilipozibwa, na ndani macho yanamwasha kama mwanzo. Nikainuka nikamwambie baba. Mama akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akasema, "Ukimwambia, atalivunja mbele yangu, na hatashika randa tena. Mwache." Nikadhani ni ugonjwa tu unaomsumbua pua. Mimi si mtaalamu, mdogo wangu. Nilidhani ni ugonjwa.

Baba simwambii. Tangu apate barua yako amerudi kuwa mtu: amenyoa ndevu, analala chumbani, amefungua karakana. Sijawahi kuona barua ikimfufua mtu hivyo. Lakini kuna jambo ambalo huenda hujui. Shemeji yako yuko safari na lori kwa miezi, na mimi siwezi kukaa peke yangu na Kidole. Baba ametwambia tuhamie kwake. Ananijengea chumba chako cha zamani, na kila ninapomuuliza anajenga kwa mbao gani, anasema nisiwe na wasiwasi, dawa ya hewa anayo.

Kama ni kumwambia, mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemjibu.

Dada yako


22 Septemba

Binti yangu Mkemia,

Nakuandikia nikiwa mtu mwenye furaha, na nimesahau hali hii inavyoandikwa, kwa hiyo nivumilie.

Wamehamia. Mjukuu wangu yupo hapa, anatosha kwenye viganja vyangu viwili na nafasi inabaki. Chumba chako hukitambui tena: kabati ukuta mzima, rafu za vitu vyake, kitanda chenye reli, na meza ya kumbadilishia nguo iliyo sawa na urefu wa kiuno cha dada yako asiiname. MDF yote, mpya kabisa. Mjomba wako alipita, akasimama mlangoni, akataka kuanza. Nikamwambia polepole tu kwamba maabara imepima, hewa ya dada yako ilikuwa safi mpaka siku ya mwisho, na kama ana swali amwandikie binti yangu. Akaondoka bila kuaga. Asante, mwanangu. Umenirudishia uso wangu.

Kipande kipya ulichotuma kimefika. Nilikuwa nimekuomba kile kile cha mama yako. Ukaniambia hiki ni bora zaidi, sawa, wewe ndiye mjuzi. Lakini maagizo yako mapya yamenichekesha. Eti nisikitie sandukuni, eti kikae wazi tu. Umesahau kilivyokuwa kikigonga? Mtoto huyu anashtuka hata na mlango. Sanduku nimeshalijenga, na ni zuri kuliko la kwanza. Nimeliziba kwa silikoni kila mahali, safari hii mara mbili, kama tulivyofanya kwa mama yako. Mwenyewe umesema lile lilifanya kazi mpaka mwisho, sasa kwa nini nibadilishe?

Dada yako naye amekuwa kama mama yake. Siku nzima yuko nyuma ya nyumba na mtoto, kwenye kiti kile kile. Namwambia amlete ndani kwenye hewa nzuri, anasema anapenda jua. Hata kukiwa hakuna jua. Damu ni damu.

Njoo umwone. Anakunja ngumi akinyonya.

Baba yako,
Fundi


4 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kaa chini kwanza.

Nimeshampigia simu dada, amemhamishia mtoto sebuleni na amefungua madirisha. Kwa hiyo usikimbie. Soma mpaka mwisho.

Nilikudanganya. Kipande cha mama hakikufanya kazi mpaka mwisho. Kilifanya kazi kilipokuwa kwenye kigoda, zile siku alizolala mpaka jua likapanda, na zile siku ni za kweli, usiziweke kando. Baada ya sanduku kikafa. Ni silikoni iliyokiua. Inatoa mvuke, na ule mvuke unaifunika platinamu mpaka inakosa mahali pa kufanyia kazi. Hakuna dalili yoyote. Feni inazunguka, utepe unapepea, kinaonekana kizima. Fundi yeyote angeziba. Mtu anayejua kwamba haifai ni mimi, na sikukuandikia. Uliniomba ruhusa nikaitoa.

Siwezi kukuambia kwamba kile chumba ndicho kilichomuua mama. Daktari amesema mapafu yalikuwa yamechoka, na namwamini. Siwezi pia kukuambia kwamba hakikumwumiza. Kilimwumiza. Ningependa kuwa na jibu moja la kukupa ushike, lakini sayansi yangu inaishia hapo, na sitaki kukudanganya tena.

Nilikudanganya kwa sababu ya neno la mjomba. Uliniandikia kwamba unakula nalo na kuoga nalo, nikasema heri nibebe mimi. Sikujua kwamba uwongo wangu utakwenda kununua mbao. Umemjengea mtoto asiyefikia uzito wa kikapu chumba kizima cha gundi, ukiwa na amani, kwa sababu mimi niliandika sentensi moja ya kukupa usingizi. Nilipotuma kile kipya na kukuambia ukiache wazi, nilikuwa bado natafuta njia ya kukwepa. Nilitaka mtoto apone na wewe usijue. Haikuwezekana.

Toa kipande kwenye lile sanduku, na nirudishie, huenda nacho kimeshaharibika. Makabati yatoke chumbani kwa mtoto. Baba, yatoke yote.

Nisamehe. Au usinisamehe kwanza, lakini yatoe.

Binti yako


20 Oktoba

Binti yangu,

Nimeipata barua yako. Dada yako alikuwa akinitazama wakati nasoma, nikamwambia nenda nyuma na mtoto, nikabaki peke yangu.

Yametoka. Ya mtoto niliyatoa siku hiyo hiyo, sikuita mtu wa kunisaidia. Kisha nikaingia chumbani kwetu nikatoa na ya mama yako. Nguo zake zimerudi kwenye sanduku la bati. Meza ya kuandikia nilikaa juu yake kidogo kabla sijaivunja. Yote yako uani, na mjomba wako akipita leo atayaona, na sitamwambia kitu. Mtoto analala sebuleni, hajambo, hakohoi.

Sijakukasirikia, kama ndilo unaloliogopa. Ulinihurumia. Nami kama ningeulizwa na mtu mwenye sura niliyokuwa nayo Julai, pengine ningesema uwongo ule ule. Lakini usirudie. Mimi ni mtu mzima, nimekatwa vidole na mashine nikavishona, naweza kuambiwa.

Sasa niambie hili. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Umeeleza mvuke, umeeleza platinamu, umeeleza mapafu. Kuna mahali umeruka. Mimi sinusi, lakini mama yako alikuwa akinusa mvua kabla ya wingu. Nilimwuliza kila asubuhi, na kila asubuhi alinijibu, "Hakuna harufu, Fundi." Nikaenda kazini nikipiga mluzi. Na mchana alikuwa akikaa nje kwenye mvua. Halafu nikamwona dada yako kwenye kiti kile kile, akikwepa chumba nilichojenga, akiniambia anapenda jua.

Alijua?

Dada yako nimemwuliza, ameinama akamfunika mtoto ambaye tayari amefunikwa. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na usinihurumie.

Baba yako


29 Oktoba

Baba,

Shikamoo.

Alijua. Alijua tangu wiki ile ulipoziba sanduku, na akamkataza dada asikuambie. Kila asubuhi ulipomwuliza alikuwa anainusa ile harufu.

Nimepanda basi leo. Barua hii ikinitangulia, nisubiri ndani.

Binti yako